Kipimo cha mirija: kabla hujapanda kile kitanda

Ukitaka kujua wanawake tunavyotishana, ingia kundi lolote la WhatsApp la wanaotafuta mtoto, uulize swali moja tu kuhusu HSG, kile kipimo cha mirija ya uzazi: "Jamani, HSG inauma?" Nusu saa haipiti, sauti zinamiminika. Mmoja anaapa kwamba amezaa mara mbili bila kupiga kelele, lakini kwenye kipimo hicho alimwita mama yake aliyeko Songea. Mwingine anasema alishtukia anaambiwa avae, kumbe kimekwisha. Na hakosekani wa kukwambia usijisumbue, kuna bibi Mbagala ana mizizi.

Bibi wa Mbagala nitamrudia. Hao wawili wa mwanzo wote wanasema kweli. Nimepita huko, na nilichokuja kuelewa ni kwamba maumivu ya HSG hatugawiwi sawa. Inategemea kizazi chako kikoje, kifaa gani kimetumika, kama ulimeza dawa ya maumivu mapema, anayesukuma dawa ya picha kwenye kizazi ana mkono wa haraka au wa taratibu. Na inategemea sana kama kuna aliyekueleza kinachofuata kabla hakijafuata. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike, maana kwa wengi wetu halifanyiki. Unapewa karatasi ya rufaa, unaambiwa "kapige HSG", basi.

Kipimo chenyewe ni eksirei ya mfuko wa uzazi na mirija yake miwili. Eksirei ya kawaida haiwezi kuonyesha viungo hivyo kwa sababu ni nyama laini. Kwa hiyo kupitia shingo ya kizazi huingizwa dawa ya majimaji yenye ayodini. Inajaza mfuko, inapanda kwenye mirija, na kama njia iko wazi inamwagikia tumboni kule mwisho. Mionzi haipenyi ayodini vizuri, ndiyo maana kila dawa inapofika panaonekana peupe kwenye picha. Mrija una urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na pale unapochomoza kutoka kwenye ukuta wa kizazi tundu lake ni la milimita moja au pungufu. Ukifikiria kwamba yai na mbegu vinapishana humo, unaelewa kwa nini kovu dogo tu linatosha kuharibu shughuli.

Mimi nina mtoto mmoja, wa kike, ameshaanza shule, na natafuta wa pili. Kwa hiyo nilipotajiwa mirija, wifi yangu aliuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo moyoni: "Sasa iliziba lini, na mtoto umeshazaa?" Inaziba wakati wowote, wifi. Maambukizi baada ya kujifungua, au baada ya mimba kuharibika na kizazi kusafishwa katika mazingira mabaya. Klamidia, ambayo mwanamke anaweza kukaa nayo miaka asihisi hata muwasho. Kisonono. Kidole tumbo kilichopasuka. Kifua kikuu nacho hushuka kwenye kizazi, jambo ambalo wengi hawalijui kabisa. Kuzaa mara ya kwanza hakumpi mtu cheti cha kudumu, na kliniki za uzazi zimejaa kina mama wenye mtoto mmoja wanaoona haya hata kusema wanatafuta wa pili, kwa sababu wataambiwa washukuru walichonacho. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kupata mtoto katika maisha yake. Lilisema mtu. Halikusema mwanamke.

Hapo niongee kidogo kuhusu waume. Daktari wangu, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, alikataa kuniandikia HSG mpaka mume wangu alete majibu ya mbegu. "Siwezi kukuingizia mpira kwenye kizazi," alisema, "wakati yeye hajatoa hata kikopo kimoja." Nilimpenda hapo hapo. Kipimo cha mwanaume hakiumi, bei yake ni ya chini kuliko ya kwetu, na kinachotakiwa ni akae bila tendo la ndoa kati ya siku 2 na 7, kisha atoe sampuli. Karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Lakini nimekutana na wanawake waliopigwa picha, wakapasuliwa, wakanywa dawa za kukuza mayai miezi na miezi, na mume hajawahi kuulizwa kitu. Wangu alinung'unika wiki nzima, akasema yeye mtoto anaye tayari, ushahidi uko sebuleni unaangalia katuni. Akaenda. Majibu yake yalikuwa mazuri, na kusema kweli alirudi anatembea kifua mbele mpaka akaniudhi.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo watu wanapoangukia. Siku ya kwanza ya kuona damu ndiyo siku ya 1. Kipimo hufanyika damu ikishakata kabisa na yai likiwa bado halijatoka, kwa wengi kati ya siku ya 7 na ya 10, na sehemu nyingine hukubali hadi ya 12. Damu ikiwa bado inatoka, mabonge yanachafua picha. Ukichelewa, ukuta wa kizazi unakuwa umeshanenepa, na baya zaidi unaweza kuwa umeshashika mimba changa bila kujua, nayo ikapigwa mionzi. Ndiyo sababu unaambiwa usikutane na mume tangu hedhi ianze mpaka upimwe, na siku yenyewe bado watakupima mkojo. Usikasirike, si kwamba hawakuamini.

Shida ni kwamba hedhi haina habari na ratiba ya hospitali. Sehemu nyingi HSG hufanywa siku maalumu za wiki, na wagonjwa wanaochukuliwa kwa siku ni wachache. Siku zako zikija Ijumaa jioni na wewe ukasubiri mpaka damu ikate ndipo uulizie nafasi, umeshakosa mwezi huo. Dawa yake ni kutoa taarifa siku ile ile unapoona damu. Simu isipopokelewa, nenda mwenyewe dirishani na karatasi yako. Kina dada wa Kiislamu, Ramadhani ikiangukia hapo hapo, kumbuka kuna kidonge cha kumeza mchana na kuna vifaa vinavyoingizwa mwilini. Mwezi mmoja kusubiri hauharibu kitu, na kama hutaki kusubiri, muulize mapema unayemwamini kwenye dini.

Kama una uchafu unaotoka wenye harufu, maumivu chini ya kitovu au homa, sema kabla ya kupangiwa. Kusukuma dawa kwenye kizazi chenye maambukizi ni kuyapandisha juu kwenye mirija, yaani kutengeneza tatizo lile lile unalolitafuta. Utatibiwa kwanza. Sema pia kama una pumu, kama umewahi kuvimba au kuwashwa baada ya kupewa dawa ya picha, kama una tatizo la tezi ya shingo, au kama unatumia dawa za kisukari. Madaktari wengine humpa kila mgonjwa doksisaiklini ya kukinga maambukizi, wengine huwapa tu wale waliowahi kuugua mirija. Uliza wewe uko kundi gani.

Nilivyojiandaa mimi: asubuhi nilikunywa chai ya maana, maana kwa kipimo kisicho na dawa ya usingizi kwa kawaida hukatazwi kula, na tumbo tupu ndilo linalowaangusha watu kwa kizunguzungu. Saa moja kabla nilimeza dawa ya maumivu niliyoandikiwa. Wengi hupewa ibuprofeni au diklofenaki, lakini mwenye vidonda vya tumbo asijiandikie mwenyewe. Nilibeba kanga mbili, pedi, na mdogo wangu wa kunirudisha nyumbani. Kanga ya pili niliona nimejibebesha bure, mpaka nilipoingia chumbani.

Chumba cha eksirei ni baridi. Kiyoyozi ni kwa ajili ya mashine, wewe mwenyewe hukufikiriwa. Kitanda ni kigumu, bapa, na juu yake mtambo unaning'inia. Ndani kulikuwa na daktari, mtaalamu wa mionzi aliyekuwa akiingia na kutoka nyuma ya kile kioo chake, na nesi. Kama ni hospitali ya kufundishia, wanaweza kuwepo wanafunzi, na una haki kamili ya kusema hapana kwa wanafunzi, kwa adabu tu, na kipimo kikaendelea. Kama unataka daktari mwanamke, waambie siku ya kupanga tarehe. Ukisubiri mpaka umeshavua, nafasi ya kumpata ni ndogo. Na ikiwa aliyepo ni mwanaume, nesi wa kike anatakiwa awepo mwanzo mpaka mwisho. Usione aibu kuuliza, "Sista unabaki?"

Unavua nguo za chini, unavaa gauni la hospitali, na kama ni la kufungwa nyuma basi kanga ya pili imepata kazi. Unasaini fomu ya kukubali. Isome. Inapigwa picha ya kwanza kabla ya dawa, ya kulinganishia. Kisha unakunja magoti, visigino vinasogezwa karibu na makalio, unaachanisha miguu.

Kinachofuata ni kile kifaa cha kufungulia uke, ambacho kila aliyewahi kupimwa saratani ya shingo ya kizazi anakijua. Kinakandamiza zaidi kuliko kuuma. Kipo kidogo na kikubwa, na mtu anaweza kuomba kidogo. Wanasafisha shingo ya kizazi kwa dawa ya baridi. Halafu kuna njia mbili. Wengine hushika mdomo wa kizazi kwa koleo maalumu na kuingiza kifaa cha chuma, na pale koleo linaposhika kuna mfinyo mkali wa sekunde chache. Wengine hutumia mpira mwembamba wenye kiputo kidogo mwishoni, kinachojazwa hewa au maji ili mpira usichomoke. Huo mfinyo wake si mkali hivyo, lakini kiputo kikijaa kizazi kinakasirika na kubana. Niliuliza watatumia kipi nikaambiwa mpira. Unaweza kuambiwa ukohoe wakati kinapoingia. Si mzaha, ukikohoa hisia inapungua.

Nesi alisimama upande wa kichwa changu. "Dada, sasa daktari anaingiza dawa. Utahisi tumbo la hedhi, lile la siku ya kwanza. Vuta pumzi puani, toa mdomoni, usiniangalie mimi, angalia dari." Sentensi hizo chache zilinisaidia kuliko kidonge. Maana lilipokuja lilikuwa kweli tumbo la hedhi, likapanda, likawa tumbo la hedhi la mtu mwenye kisirani, likakaa hapo, na mimi nilijua ni nini. Kuna wakati nilisema, "Subiri kidogo." Daktari akasubiri. Dawa ikisukumwa taratibu kizazi kinapata muda wa kulegea, ikisukumwa kwa fujo kinabana na maumivu yanaongezeka, hata picha yenyewe inaweza kudanganya. Kwa hiyo ukisema "subiri" hujidekezi, unasaidia kazi.

Kumekuwa na maneno kwamba ukiumia sana ndiyo mirija imeziba. Usijipe majibu hapo kitandani. Ni kweli dawa ikikosa pa kutokea shinikizo linaongezeka na wengi wa namna hiyo huumia zaidi, lakini wapo wenye mirija wazi waliolia, na wapo wenye mirija iliyoziba walioona cha kawaida.

Unaambiwa usipumue, picha. Unageuzwa ubavu mmoja, picha. Ubavu wa pili, picha. Kuna sehemu wanatazama dawa ikitembea moja kwa moja kwenye skrini, na kuna sehemu wanapiga picha moja moja, daktari anasukuma kisha wote wanakimbilia nyuma ya kioo na wewe unabaki na mpira wako. Mwisho kunaweza kuwa na picha ya kuchelewa, baada ya dakika kadhaa, kuona kama dawa imesambaa tumboni au imekwama mahali. Ile sehemu ya kuuma ni ya dakika chache. Kuanzia kupanda mpaka kushuka kitandani, nusu saa inatosha kabisa. Kuhusu mionzi, kiasi unachopata kwa kawaida hakifikii kile ambacho ardhi, anga na chakula vinampa kila binadamu kwa mwaka mmoja.

Usiinuke haraka. Kizazi kikiguswa namna hiyo, baadhi ya watu mapigo ya moyo hushuka, jasho la baridi linatoka, macho yanaingia giza. Mwambie nesi "naona kizunguzungu" kabla hujaanguka. Na ukisikia bega linauma, usidhani umelalia vibaya. Dawa iliyomwagika tumboni inaweza kuchokoza kiwambo kilichopo chini ya mapafu, na mwili hupeleka maumivu yake begani. Yanapita.

Niliomba kuona picha. Daktari akageuza skrini. Mfuko wa uzazi ni pembetatu nyeupe iliyopinduliwa, ncha chini. Kutoka pembe zake za juu kunatokea nyuzi mbili. Upande wa kulia uzi ulikwenda, ukajipinda, kisha mwishoni dawa ikatawanyika kama moshi wa udi. Upande wa kushoto uzi ulinenepa mwishoni ukawa kama kifuko, na hakuna kilichotoka.

Watu wamekuwa wakitazama pembetatu hiyo zaidi ya miaka 100 sasa. Mwaka 1914 huko Marekani, William Cary na Isidor Rubin, kila mmoja kivyake, walijaribu kuingiza majimaji yenye madini ya fedha kwenye kizazi ili yaonekane kwenye eksirei. Yalikuwa yanachokoza sana tumbo. Baadaye yakaanza kutumika mafuta yenye ayodini, Lipiodol, yaliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1901 na Marcel Guerbet kutokana na mbegu za mpopi. Siku hizi sehemu nyingi hutumia dawa ya maji.

Nataja mafuta kwa sababu. Kuna msemo mitaani kwamba "HSG inasafisha mirija, watu wengi wanashika mimba mwezi ule ule." Nilidhani ni hadithi za foleni, lakini una mzizi wake. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walitoa majibu ya utafiti uliofanyika katika hospitali 27, wanawake 1,119, nusu wakapimwa kwa dawa ya mafuta na nusu kwa dawa ya maji. Ndani ya miezi 6, asilimia 39.7 ya waliopata mafuta walikuwa na mimba inayoendelea, na waliopata maji asilimia 29.1. Si tofauti ndogo. Lakini soma na masharti yake: walikuwa wanawake wa chini ya miaka 40, na wenye hatari kubwa ya ugonjwa wa mirija hawakuingizwa. Kwa hiyo mafuta hayo hayakuzibua mirija iliyokufa, yaliwasaidia ambao mirija yao haikutiliwa shaka tangu mwanzo. Na mafuta nayo yana hatari zake, yanaweza kupenya kwenye mishipa ya damu, na ayodini yake hukaa mwilini muda mrefu ikasumbua tezi ya shingo. Ukiulizwa unataka ipi, ongea na daktari. Usiende na picha ya simu ya maneno yangu.

Sasa bibi wa Mbagala, na wajukuu zake wenye kurasa za Instagram. Siku hizi "dawa ya kusafisha mirija" inauzwa kwa chupa, unga, vidonge, na vile vifuko vya mitishamba vya kuweka ukeni vinavyoitwa lulu. Nitasema bila kuzunguka. Ukinywa mzizi unakwenda tumboni, kwenye chakula. Hauna barabara ya kwenda kukwangua kovu ndani ya tundu la milimita moja. Na mrija si bomba tupu, ndani una vinyweleo vidogo vinavyosukuma yai, vikishaharibiwa na maambukizi hakuna anayevipanda upya, awe bibi au profesa. Kinachowekwa ukeni hakifiki kwenye mirija, lakini bakteria kinachowaamsha wanaweza kufika. Ule uchafu mwingi unaotoka baada ya "lulu", ambao muuzaji anakwambia ndiyo uchafu wa mirija unatoka, ni uke unaolalamika kwamba umechokozwa. Siwatukani wanaonunua. Mtu aliyeambiwa laparoskopi, yaani upasuaji wa kamera, ni mamilioni, na chupa ni elfu thelathini, atanunua chupa. Hasira yangu ni kwa anayemuuzia akijua.

Ukirudi nyumbani, dawa iliyobaki itatoka taratibu, inanata, imechanganyika na damu kidogo. Siku moja au mbili. Tumia pedi, usiweke kitu ndani, na mume asubiri siku mbili hivi, au kama daktari alivyokwambia. Baada ya hapo wengi huruhusiwa kuendelea kujaribu mwezi huo huo. Tumbo la kunyonga nyonga siku ya kwanza ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uchafu wenye harufu, au damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine. Hapo usisubiri tarehe ya kliniki, rudi siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na useme umetoka kufanyiwa HSG. Wanaopata maambukizi ni wachache, na wenye mirija iliyovimba ndio walio hatarini zaidi. Kwa sababu ya kile kifuko changu cha kushoto, nilipewa doksisaiklini pale pale.

Ripoti yangu ilisema mrija wa kulia uko wazi, wa kushoto umeziba mwishoni na umejaa maji. Daktari wangu, yule mama asiyecheka, aliiweka pembeni, akachukua picha zenyewe akazitazama juu ya mwanga. Akanieleza mambo ambayo ningependa kila mwenye ripoti aelezwe. Mrija ukionekana umeziba pale pale unapoanzia, karibu na kizazi, inawezekana haujaziba, ni msuli umebana kwa maumivu au woga, na kipimo kikirudiwa unakutwa wazi. Kwa hiyo usipasuliwe wala usilie kwa picha moja ya namna hiyo. Wangu haukuwa hivyo, umeziba mwisho na umevimba, na huo haujifichi. HSG pia haioni nje ya mirija: makovu yanayoikunja, utando wa kizazi uliohamia tumboni, uvimbe ulioota upande wa nje, yote inaweza kuyapita. Mrija kuwa wazi maana yake ni njia tu. Kama unafanya kazi ya kubeba yai, picha haisemi.

Na akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: maji yaliyojaa kwenye mrija ule mbovu yanaweza kurudi kwenye kizazi na kusumbua mimba inayojaribu kujishika. Kwa wanaopandikiziwa mimba iliyotungishwa maabara, mrija wa namna hiyo hupunguza mafanikio karibu nusu, na mara nyingi hushauriwa utolewe au ubanwe kwanza. Mimi bado nina mmoja mzima. Tumekubaliana tujaribu miezi kadhaa na huu wa kulia, kisha laparoskopi, ambapo wanaingiza kamera kitovuni na kupitisha rangi ya bluu kuona kwa macho. Mume wangu alikuwepo kwenye mazungumzo hayo, nilihakikisha, ili nisije nikawa mkalimani nyumbani.

Jambo moja la mwisho, la karatasi. Ukimaliza, usiondoke na ripoti peke yake. Dai picha, za filamu au CD, na uandike juu yake tarehe na siku ya mzunguko uliyopimwa. Daktari wa pili akisoma "mirija imeziba" bila picha hawezi kujua imeziba wapi, kwa hiyo atakuandikia HSG nyingine, na utapanda tena kile kitanda kwa pesa yako mwenyewe.